Skrubu ya Kinyume

Kamene alisikia jiwe lililoegemeza pikapu likipasuka, kisha gari likamlalia mumewe kifuani.

Gerejini mwao hapo Kimbo hapakuwa na mtu mwingine. Ukutani palining'inia picha ya lifti ya nguzo mbili, gari liko juu kabisa na fundi amesimama wima chini yake kama bwana harusi. "Siku moja, mama," mumewe hupenda kusema akiipangusa vumbi.

Leo walikuwa na jeki kuukuu tu, iliyolegea skrubu ya kushushia. Ilivuja fsss, na kwa kila fsss pikapu ilizidi kushuka.

Kamene alipiga magoti akaishika ile skrubu. Kulia ni kufunga, kushoto ni kufungua, nani asiyejua? Lakini vidole vilikataa. Fundi mmoja wa Makongeni ndiye aliyewachongea skrubu mpya, na mumewe alirudi nayo akicheka: "Huyu mzee amenikatia nyuzi kinyume! Hii yetu inafungwa kushoto, usisahau."

Ama alikuwa anasema ile jeki ingine, waliyoiuza?

"Baba, ni hii?" alilia. "Ni hii ya kinyume?"

Kiganja cha mumewe chenye grisi kilipapasa vumbi kando ya tairi, kikatulia.

Kamene alifumba macho, akazungusha kushoto.

Fsss ikakatika.

Akarukia mpini, akapiga jeki kwa uzito wake wote. Pikapu ikapanda upana wa kidole.

"Tena," akasikia sauti ya mumewe kutoka chini.