Gitaa la Kukanyaga

Uzi wa chuma ulikatika tena, ukamchapa Eustace shavuni. Alijipapasa kwa mkono wa kushoto, ule uliobakiwa na kidole gumba na cha shahada tu, akaona damu.

"Baba Agnes, hicho kitanda kitakuua," alisema mkewe, Hosiana, bila kugeuka. Alikuwa anafunga karoti mafungu ya kupeleka sokoni.

"Si kitanda. Ni gitaa."

Kwa kweli kilifanana zaidi na kitanda. Ubao ulilazwa juu ya miguu minne ya chuma, nyuzi zikapita juu yake, na chini kukawa na pedali za cherehani bovu. Gitaa la namna hiyo Eustace hakuwahi kuliona ila kwenye jalada la kaseti. Mpigaji anakaa kama yuko mezani, anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na miguu inakanyaga kuzivuta ili sauti ipande. Halidai mkono mzima. Hilo ndilo lililomnyima raha mpaka akaanza kulitengeneza, na yeye hakuwahi kutengeneza hata kigoda.

Zamani alipiga solo katika bendi ya kiwanda. Mchana alifuma kitambaa, jioni akawachezesha watu. Siku moja mashine ikala vidole vyake, na alipotoka hospitali alikuta nafasi yake ina mtu mwingine. Halafu kiwanda chenyewe kikauzwa. Mwenye mali mpya hakutaka bendi, na wafanyakazi alitaka wachache tu. Madukani sasa mlijaa kila kitu, ila wengi waliingia kutazama na kutoka. Hosiana akaanza kupanda milima ya Mgeta kufuata mboga, akirudi juu ya lori katikati ya magunia ya kabichi. Nyumba ikaishi kwa mgongo wake.

Ubao wa kwanza ulipinda, maana Eustace aliuchukua mbichi. Wa pili aliuleta Hosiana mwenyewe kutoka milimani, mkavu, umekaa miaka juu ya moshi wa jiko la watu. Aliutupa mlangoni.

"Huu nao ukipinda, tunapikia."

Eustace akalivunja gitaa lake la zamani, lile lililokuwa limetundikwa ukutani tangu aumie, ili apate sumaku ya kunasia sauti.

Pedali ndizo zilizomtesa. Akikanyaga, sauti ilipanda. Akiachia, haikurudi ilikotoka. Mikidadi, fundi baiskeli wa jirani ambaye alikuwa mpiga ngoma wa bendi ileile, alijiingiza chini ya ubao, akatoka na grisi usoni.

"Unauvuta uzi, lakini hakuna kinachourudisha. Weka springi."

Wakafunga springi za tandiko la baiskeli.

Alasiri moja, mvua ilipokatika, Eustace alikanyaga. Sauti ikapanda, ikajikunja, ikalia kama mtu anayejizuia, kisha ikarudi mahali pake. Nje, Hosiana aliacha kumenya.

"Rudia," alisema.

Akarudia. Hosiana akageukia ukutani, na Eustace akajifanya hajaona.

Habari zilimfikia Godlisten, tajiri mpya aliyefungua baa ya bustani karibu na stendi na aliyetaka muziki wa Jumamosi. Alituma mtu awaite. Mikidadi akalibeba gitaa kwa mkokoteni.

Bustanini walimkuta kijana aitwaye Hafidhi, aliyerudi karibuni kutoka Dubai na kinanda cha umeme. Alibonyeza hapa, likalia tarumbeta. Akabonyeza pale, zikalia ngoma. Alipomwona Eustace alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niwapigie wimbo gani?"

"Wimbo bado, mzee. Nipe sauti mojamoja. Iache iishe yenyewe, ndipo upige inayofuata."

Hafidhi akaweka kipaza sauti mbele ya gitaa, waya wake ukaingia nyuma ya kinanda. Akawaomba hata wapishi wanyamaze. Eustace alijisikia mtu tena. Tangu aumie hakuna aliyemsikiliza kwa makini namna ile. Alitoa zote, za chini hadi za juu, za kukanyaga na za kuachia, bila kubakiza.

Godlisten alisikiliza amefumba macho. "Sauti hii hapa mjini hakuna aliye nayo," alisema. "Jumamosi tunaanza nayo."

"Na mpiga ngoma?" Eustace alimtazama Mikidadi.

"Ngoma tunazo."

Mikidadi alicheka kidogo, akainama kukaza gurudumu la mkokoteni ambalo halikuwa limelegea.

"Nikishaingia nitakuombea nafasi," Eustace alimwambia njiani.

"Ingia kwanza wewe."

Jumamosi Hosiana hakupanda Mgeta. Alipiga pasi shati la bendi, akavaa kitenge alichokiweka kwa ajili ya harusi ya Agnes, binti yao. Wakalifunika gitaa kwa blanketi, wakalifunga kwa kamba, na Mikidadi akasukuma mkokoteni mpaka baa. Taa zilikuwa zimewashwa, magari yamejipanga nje.

"Wameanza," alisema Mikidadi, akasimama.

Juu ya ua ilikuja sauti. Ilipanda, ikajikunja, ikalia kama mtu anayejizuia, kisha ikarudi mahali pake. Watu wakapiga vigelegele.

Eustace alitazama mkokoteni. Kamba haikuwa imeguswa.

Alikwenda mpaka langoni akachungulia. Jukwaani alikuwa Hafidhi peke yake na kinanda chake, na kila alipobonyeza, gitaa la Eustace lilimjibu kutoka ndani ya kinanda.

Mlinzi akamgusa begani.

"Mzee, kiingilio."