Blanketi la Uzi Mwekundu

Nzilani alikuwa ameshasimama kikaoni kuwatetea wanaolala kwenye bustani ya mji wa Voi, pale alipoliona blanketi lake mabegani mwa mwanamke mwingine.

Hakukosea. Pindo lilishonwa kwa uzi mwekundu, mishono ya kwenda na kurudi, alivyofundishwa na mamake. Mumewe, askari wa bustani hiyo, alikuwa amemwambia limeibwa kwenye kamba ya nguo.

Mwanamke huyo alikaa nyuma pamoja na wenzake wasio na makao. Alikuwa kijana, shingo ndefu, na hata vumbi halikuweza kumharibia sura. Mume wa Nzilani alikaa mbele, macho kwenye buti zake.

"Endelea, mama," mwenyekiti wa kikao alisema. "Tuwatafutie mahali pa kulala, ama geti ifungwe kila jioni?"

Nzilani aliikunja karatasi yake ya maombi. Akaikunja tena, ikawa ndogo kama stempu.

"Geti ifungwe. Watolewe wote. Hawa watu hatuwajui."

Ukumbi ulipiga makofi. Mikono ikahesabiwa, hoja ikapita.

Alipofika mlangoni, yule mwanamke alikuwa anamngoja. Alilivua blanketi, akalikunja vizuri, pindo juu, akampa kwa mikono miwili.

"Shika, mama. Askari aliniambia ni wewe umenitumia, kwa sababu ya mtoto wangu mchanga. Nilidhani unatujua."

Nzilani alilipokea. Lilikuwa bado na joto, na lilinuka maziwa.