Kioo cha Baba

Hitima ilikuwa imekwisha. Ami, mdogo wake marehemu, alikuwa anawasimulia wageni jinsi baba yetu alivyojenga madaraja kwenye vita vya Kagera, niliposikia kitu kikilia "tik" ukutani.

Nikageuka taratibu.

Wenye maduka walipoanza kuchimba stoo chini ya jengo letu, Baba alibandika kipande cha kioo juu ya ufa wa ukuta, nusu huku, nusu kule. "Ukuta ukisogea, hiki kitapasuka. Kikipasuka, msiniulize kitu. Tokeni." Kila asubuhi alikipapasa kwa kidole kabla ya chai. Majirani walimcheka, wakasema mzee bado yuko vitani.

Sasa kioo kilikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Vumbi la saruji lilikuwa linadondoka kwenye kanzu ya Ami. Akalipangusa, akaendelea, "Na alivyowapenda wanawe, wallahi…"

Utotoni Baba alitufanyisha mazoezi. Akisema "Nje!", unaacha hata tonge. Na viatu usiguse, atanunua vingine.

Nikamtazama dada yangu Husna, aliyesimama mlango wa chumba cha wanawake. Naye alikuwa amekiona. Tayari amemshika mama mkono.

"Nje!" nikapiga kelele, kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"We! Adabu gani hiyo?" Ami akafoka.

Ukuta ukalia tena, safari hii mlio mzito. Mimi, Husna na mama tukajikuta kwenye ngazi, miguu mitupu, tunakimbia.

Nyuma yetu, mlangoni, wageni walikuwa wameinama, kila mmoja anatafuta viatu vyake.