Nakala ya Siku Moja Kabla

Sikilizeni, walimwengu! Siku ya hukumu iliwadia saa mbili asubuhi, kabla ya chai na mandazi.

Bwana Kihwelo, meneja mpya, alimwamuru fundi Tekla ajifute mwenyewe kwenye seva inayotunza majina ya wafanyakazi, ili mpwa wake apate nafasi hiyo.

“Sawa, bosi,” alisema Tekla, akaandika amri moja na kurudisha nakala ya zamani ya majina yote.

“Tekla! Mashine hainitambui!” alifoka Bwana Kihwelo, akiandika jina lake kwenye kompyuta ya kando.

“Andika tena, bosi. Taratibu.”

Aliandika mara tatu, kisha akainama kusoma tarehe kwenye skrini ya Tekla. “Nakala hii ni ya lini?”

“Ya siku moja kabla hujaajiriwa, bosi,” alisema Tekla. “Nimekufuta mimi.”

Nyuma yao mlango wa ofisi, unaowafungukia tu wenye majina kwenye seva hiyo, ukajifunga polepole.