Drafti Kando ya Kitanda

Mwandishi wa vitabu vya kutisha alipanga kete kwenye ubao wa drafti aliouweka juu ya shuka, kando ya miguu ya rafiki yake, fundi saa, iliyokuwa imekonda ikabaki mifupa. Kwa miaka thelathini walikuwa wakicheza kila Jumamosi, na fundi ndiye aliyesoma kila hadithi yake kabla ya mtu mwingine.

"Umeandika habari za wafu mpaka basi," fundi alisema kwa sauti iliyokauka. "Niambie ukweli, ndugu yangu. Nikifika huko, nitakuta mtu?"

Uongo ndio uliomlisha mwandishi maisha yake yote, lakini sasa haukumjia hata mmoja. Akasogeza kete yake vibaya, makusudi, ili iliwe.

Fundi aliitazama ile kete, akaelewa kuwa anahurumiwa na kwamba hilo ndilo jibu, akageuzia uso wake ukutani.