Nyati Akataa Kutanguliwa

Sikilizeni, na msinikatize. Nyati alikuwa anakwenda kumwoza bintiye ng'ambo ya mlima, na njia ilikatiza mteremko wa theluji. Pimbi, mzaliwa wa mlimani, akamzuia.

"Mzee Nyati, jua limeilainisha theluji, itaporomoka. Ngoja jioni igande."

"Harusi ingoje woga wako?"

"Basi nitangulie mimi niliye mwepesi, niipime."

"Mtoto amtangulie mzee! Umelelewa wapi wewe?"

Nyati akaingia kwa maringo. Theluji ikakatika, ikamsomba mpaka bondeni, ikamfukia, zikabaki pembe tu. Pimbi akashuka mbio, akafukua mpaka pua ikapata hewa, naye Nyati akajikwamua.

Jioni theluji ikaganda, wakarudi juu. Nyati akautazama mteremko, akasogea kando.

"Shikamoo, Pimbi. Tangulia, baba."

"Marahaba," akaitikia Pimbi, bila hata haya.