Kishungi na Mawe ya Daftarini

Sogeeni, wajukuu, na huyo anayetafuna ameze kwanza. Palikuwa na kindi mdogo, Kishungi, aliyependa alama za vema kuliko karanga. Mtihani wa hesabu ulikuwa umekaribia. Akifeli tena, atarudia darasa, na pacha wake atasonga mbele peke yake.

Kila siku Kishungi alirudia hesabu zile zile alizokwisha kupata. "Bibi, ona, zote vema!"

Bibi yake hakujua hata kuandika jina lake. Akampa ungo wa mchele. "Nichambulie, mume wangu."

Kishungi akaanza kuokota mawe, moja moja.

"Mchele wote huo mweupe, mbona huushiki?"

"Bibi nawe! Mchele una kosa gani? Natafuta mawe, yasije yakakuvunja hilo jino lililobaki."

"Haya. Na mawe ya daftari lako yako wapi?"

Mkia wa Kishungi ukashuka. Polepole akabandua kurasa alizokuwa amezigandisha kwa utomvu, zimejaa alama za kosa. "Naona aibu, Bibi."

"Aibu kwa nani? Mimi sijui kusoma. Nifundishe hiyo ya kwanza."

Tangu hapo wakachambua pamoja. Kishungi alikosea, akafuta, akaanza upya, naye bibi akiuliza, "Kwa nini?"

Siku ya matokeo akaja mbio. "Bibi, tumepita wote wawili, mimi na pacha wangu! Nimekosa mbili tu!"

Bibi akamkumbatia kwanza, kisha akamsogezea kigoda. "Zilete hizo mbili."